Dola 2.13 kwa saa Texas: naibiwa au ndio utaratibu wa huku?

Swali: "Shikamoo kaka. Niko Texas mwezi wa tano sasa, nimepata kazi ya uhudumu mgahawani, bosi ananilipa dola 2 na senti 13 kwa saa, anasema tipu ndio zitajaza. Wiki iliyopita nimefanya masaa 32, tipu zilizoingia kwenye mashine ni dola 410, lakini cheki imekuja dola 12 na ushee, nikalia. Halafu kuna meza walikula wakatoroka, nikakatwa dola 64 zao. Kila usiku tunamegea tipu basboi (yule wa kuondoa vyombo mezani), mtu wa baa na jikoni pia. Shemeji yangu yuko Minneapolis kazi hii hii analipwa karibu 16 kwa saa na tipu zake juu, binamu yangu yuko Paris anasema huko tipu wala hawaitegemei. Hivi naibiwa au ndio utaratibu wa huku?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hiyo cheki. Usione aibu kulia, mimi ya kwanza niliyopata nilidhani wamesahau sifuri, nikairudisha kwa meneja nimwonyeshe kosa lake, akacheka mpaka akaegemea friji. Siku hizi kazi yangu ndio hiyo, natengeneza mishahara ya migahawa, mwaka wa 14 huu, kwa hiyo hiyo cheki nimekaa pande zake zote mbili. Jibu la haraka: 2.13 si wizi, ni sheria, mbaya lakini sheria. Cheki ya dola 12 nimeipigia hesabu naona iko sawa, nitakuonyesha. Dola 64 za waliotoroka, hapo umeibiwa. Na hela ya jikoni, hapo bosi wako amejichimbia shimo, sijui kama anajua.

Tuanze na hiyo 2.13 maana ndio inawachanganya wageni wote. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu Julai 2009, na Texas haina chake, imechukua hicho hicho. Sasa sheria inasema mfanyakazi ambaye kawaida yake anapata zaidi ya dola 30 za tipu kwa mwezi, bosi anaweza kumpa 2.13 tu, na ile 5.12 iliyobaki akaihesabu kutoka kwenye tipu za huyo mfanyakazi. Hapo ndipo watu wanapoelewa vibaya. Wanadhani mshahara wao ni 2.13 na tipu ni bahati yao. Hapana, mshahara wako ni 7.25, ila dola 5 na senti 12 za mwanzo za kila saa mteja ndiye anamlipia bosi. Ile noti unayoachiwa mezani wewe unaona zawadi, mteja mwenyewe anaona zawadi, kwenye vitabu vya bosi ni punguzo la gharama zake. Ukishalijua hilo unaacha kuzishika tipu kama hela ya soda, unaanza kuzishika kama mshahara, yaani unazihesabu, unaziandika na unazidai.

Kwetu tumezoea tofauti ndio maana tunapotea. Bakshishi ni neno lililotufikia pwani kutoka Uajemi na Uarabuni, hata Cairo wanalitumia hilo hilo, na maana yake kitu unachopewa kwa hisani. Wafaransa wanasema "pourboire", ya kunywea, Wajerumani "Trinkgeld", hela ya kinywaji, na sisi "ya soda" au "ya chai" (ingawa hii ya chai trafiki wameshaiharibu jina). Wote hao wazo ni moja, una mshahara wako tayari, hii ni ya koo. Marekani ndio walioigeuza ikawa mshahara wenyewe, na haikutokea kwa bahati mbaya.

Tabia ya kutoa tipu ilitoka Ulaya, matajiri wa Marekani walioenda kutalii huko karne ya 19 wakarudi nayo kujionyesha. Wengi waliipinga, wakasema ni mambo ya kibwanyenye, jimbo la Washington lilipiga marufuku tipu mwaka 1909, na mengine yakafuata, ila sheria hizo hazikudumu, kufikia 1926 zote zilikuwa zimefutwa. Kilichoishindilia ni utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha 1865 watu weusi wakawa huru, wanatafuta kazi, na waliokuwa tayari kuwapa kazi ni mahoteli, migahawa na reli, lakini kwa mshahara kiduchu au bila kabisa, kula kwako kutoke mkononi mwa mteja. Mfano unaojulikana zaidi ni kampuni ya Pullman ya mabehewa ya kulala, iliajiri maelfu ya weusi wa kubeba mizigo na kutandika vitanda, mshahara mdogo, tabasamu kubwa. Hao jamaa mwaka 1925 wakaanzisha chama chao cha wafanyakazi, A. Philip Randolph akiwa kiongozi, ikawachukua miaka 12 mpaka 1937 kusaini mkataba na kampuni. Sasa mwaka unaofuata tu, 1938, serikali inatoa sheria ya kima cha chini, na wahudumu wa migahawa na hoteli wakaachwa nje. Wakaingizwa 1966, lakini na mlango wa nyuma: bosi aruhusiwe kulipa nusu, nusu nyingine ijazwe na tipu.

Hiyo nusu ndio asili ya namba yako. Mwaka 1991 kima cha chini kilikuwa 4.25, nusu yake ukiizungusha ni 2.13. Halafu 1996 Bunge likapandisha kima cha jumla lakini likaikata ile kamba ya nusu kwa nusu, cha wahudumu kikabaki hapo hapo kiliposimama, chama cha wenye migahawa kilishinikiza sana hilo. Kwa hiyo unalipwa leo alicholipwa mhudumu wa 1991, wakati petroli galoni ilikuwa karibu dola moja. Mimi hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kuliko hata mabosi wezi, maana mwizi unaweza kumshtaki.

Haya tuje kwenye cheki. Masaa 32 mara 2.13 ni dola 68.16. Hiyo ndio hela pekee ambayo bosi anatoa mfukoni kwake. Lakini kodi hukatwi ya 68 tu, unakatwa ya 68 pamoja na zile tipu 410, jumla 478.16. Makato ya Social Security (mafao ya uzeeni na ya ulemavu ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) ni asilimia 7.65, hapo inakuwa 36.58. Kodi ya mapato kwa mtu aliyejaza fomu hana mume wala mtoto ni kama dola 19 hivi. Sasa tipu ulishaondoka nazo, kwa hiyo hayo makato yote yanatafunwa kwenye ile 68, inabaki 12 na ushee. Hakuna aliyekuibia hapo. Tena ukigawa 478 kwa masaa 32 unapata karibu dola 15 kwa saa kabla ya makato, sio haba kwa mtu wa miezi mitano. Nimeona wahudumu wazoefu cheki zao zinakuja sifuri kabisa, na wanacheka, maana cheki ya sifuri ni dalili ya tipu nyingi.

Na usishawishike na wale watakaokuambia tipu za keshi zifiche usiziripoti. Ukifikisha dola 20 kwa mwezi sheria inataka umwambie mwajiri kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Lakini acha sheria, angalia maslahi yako: ukienda kupanga nyumba au kukopa gari wanataka kuona kipato, ukiumia au ukizeeka Social Security inaangalia ulichoripoti, na ukitaka kumdai bosi ushahidi wako ni huo huo. Kuna dada mmoja wa Kimombasa alificha keshi miaka sita, alipotaka mkopo wa nyumba karatasi zake zilionyesha maskini wa kutupwa. Na kingine, tangu sheria ya Julai 2025 unaweza kuondoa tipu mpaka dola 25,000 kwa mwaka kwenye hesabu ya kodi ya mapato, ni kwa miaka ya 2025 hadi 2028, uwe na namba halali ya Social Security. Watu wanaimba "hakuna kodi kwenye tipu" wakadhani makato yote yameisha, sio kweli, ile 7.65 iko pale pale. Ila hizo dola 19 za kila wiki nyingi zinaweza kukurudia ukijaza ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka, mradi tipu ziwe zimeandikwa. Iliyofichwa haina msamaha wa kuiombea.

Sasa mahali ambapo bosi anaweza kukupunja bila wewe kujua. Hukutaja, lakini kama una miezi mitano Texas lazima ulishakutana na wiki mbovu, ya barafu au ya mvua, mgahawa mtupu, mmekaa mnakunja vitambaa. Tuseme wiki hiyo ulifanya masaa 28 ukapata tipu 130 tu. Mara 2.13 ni 59.64, jumlisha 130 unapata 189.64. Lakini 28 mara 7.25 ni 203. Pungufu dola 13.36, hiyo bosi ANATAKIWA aijaze, sio hisani, na wewe hutakiwi hata kuomba. Wengi hawajazi. Mwingine anachanganya wiki mbili kwa pamoja kwa sababu analipa kila wiki mbili, wiki nzuri inafunika wiki mbaya hesabu inatimia. Hairuhusiwi, kila wiki inasimama peke yake. Ndani ya wiki moja sawa, Ijumaa inaruhusiwa kuibeba Jumanne, lakini wiki haibebi wiki. Nenda kafukue salari slipu zako zote uangalie wiki mbovu ililipwaje.

Dola 64. Mteja kula akakimbia ni hasara ya biashara, kama mchele kuungua. Bosi akishaamua kutumia tipu zako kufidia kima cha chini, sheria inakuhesabu umelipwa 7.25 kamili hata kama ulipata tipu za kununua ng'ombe, kwa hiyo akikata hata senti moja ya waliotoroka, ya sahani iliyovunjika, ya upungufu wa droo, au ya sare, amekushusha chini ya kima. Marufuku kabisa. Atakuambia "ulisaini karatasi ulipoanza", mwache aseme, saini yako haiwezi kufuta kima cha chini.

Jikoni sasa. Kumegeana tipu na basboi na mtu wa baa ni halali, hao nao wanagusa huduma ya mteja na kawaida wanapata tipu. Mpishi na muosha vyombo hawamo kwenye kundi hilo. Tangu 2018 sheria imelegezwa, mgahawa unaweza kuwaingiza jikoni kwenye mfuko wa tipu, LAKINI kwa sharti bosi awe anawalipa wote kima kamili cha 7.25 kutoka mfukoni kwake. Huwezi kula pande mbili, uwalipe wahudumu 2.13 halafu tipu zao hizo hizo ziwafidie wapishi. Akifanya hivyo anapoteza haki ya kutumia tipu zako, maana yake unamdai 5.12 kwa kila saa uliyofanya muda wote huo. Piga hesabu ya miezi mitano uone, ndio maana nikasema shimo. Na angalia pia kama meneja au msimamizi anachukua fungu, sheria ya 2018 imekataza hilo kabisa kabisa, mwenye mali na meneja hawashiki tipu za wengine hata wakilipa dola 30 kwa saa.

Sisemi mpishi asipate, jamani. Mpishi anateseka kuliko sisi, yuko kwenye moto tangu saa nne asubuhi na hakuna mteja anayemjua jina. Ila anayetakiwa kumwongezea ni bosi.

Hii ya mkono gani unashika hela nilijifunza kabla sijapanda ndege. Ujanani nilikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, nilibeba misimu miwili njia ya Marangu na Machame. Kule mgeni anaambiwa kabla ya safari kwamba tipu ni desturi, mara nyingi anatajiwa dola 20 na zaidi kwa siku kwa mwongoza wageni mkuu na 8 mpaka 10 kwa kila mpagazi, kundi zima linachanga. Siku ya kushuka tunaimba, tunacheza, mgeni anatoa hotuba analia, anakabidhi bahasha. Anamkabidhi nani? Mwongoza wageni mkuu. Bahasha inaondoka nene getini inafika kwa mpagazi imekonda. Safari moja ya siku sita nilipewa shilingi ambazo hazikununua viatu vilivyochakaa safari hiyo hiyo, na mgeni karudi kwao akijua ametutajirisha. Ndio maana wale wa mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, wamepigania sana mgeni atangaze kiasi mbele ya wote na kila mtu apewe mkononi mwake. Siku hizi kampuni nyingine zinafanya hivyo vizuri tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza nchi fulani tipu ni asilimia ngapi, naona hilo ni swali la mtalii. Mfanyakazi aulize mawili: nani analipa mshahara wangu, na tipu inapita mikono mingapi kabla haijafika kwangu.

Chukua hayo maswali mawili umpelekee shemeji yako. Minnesota ni mojawapo ya majimbo saba, pamoja na California, Washington, Oregon, Nevada, Montana na Alaska, ambayo yamekataa ule mchezo wa kuhesabu tipu, kima ni kimoja kwa wote. Mwaka 2025 cha jimbo kilikuwa 11.13, na jiji la Minneapolis lilikuwa na chake cha 15.97. Hapo bosi analipa mshahara mzima na tipu inabaki kuwa tipu. Na wateja wa kule bado wanaacha zao 18 au 20 kwa mia kama wa Texas, wengi hawajui hata kama sheria ni tofauti. Kwa hiyo shemeji hakuongopei, lakini mwambie akutajie na kodi ya chumba na bili ya hita ya Januari ndipo mlinganishe. Na tofauti nyingine ambayo watu hawaioni, yeye wiki ya barafu analala usingizi.

Binamu wa Paris naye yuko sahihi. Ufaransa bei unayoiona kwenye menyu lazima iwe na huduma ndani yake, ni agizo la serikali la 1987, na mhudumu analipwa angalau kima cha taifa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 11.88 kwa saa. Ukiacha sarafu mbili za kahawa ni upendo tu. Ndio maana wabongo wakifika kule wanalalamika wahudumu wana nyodo, hawakuchekei, hawaji mezani kila dakika mbili kuuliza kama chakula kizuri. Kwa nini akuchekee wakati hujamshika tumbo? Mimi nilivyokaa Paris siku nne nilinuna siku ya kwanza, ya pili nikagundua kumbe huyu ndiye mhudumu huru wa kwanza kumwona tangu nianze kazi hizi.

Ujerumani wanazungusha, bili ikiwa euro 27 unasema 30 unampa mkononi, usiache mezani ukaondoka, na huko tipu ambayo mteja katoa kwa hiari yake haina kodi kabisa kwa mfanyakazi, walishafanya zamani hiki ambacho Marekani wanatangazia leo kama muujiza. Japani usijaribu, mhudumu atakukimbilia barabarani akurudishie chenji yako. Uingereza ndio mfano unaonifurahisha zaidi, maana walikuwa na ugonjwa karibu na wetu wakautibu. Mpaka 2009 mwajiri aliweza kuingiza tipu kupitia kwenye mshahara zikamsaidia kutimiza kima cha chini, Oktoba 2009 wakakataza. Halafu kuna ile huduma ya asilimia 12.5 inayowekwa kwenye bili London, kampuni zikawa zinajichotea sehemu yake, ikatungwa sheria 2023 iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024, tipu na hela ya huduma yote iende kwa wafanyakazi, mwajiri asishike hata senti. Migahawa haikufa.

Ghuba ni hadithi nyingine, na najua una ndugu huko maana kila familia ya kwetu sasa ina mtu Doha au Dubai. Qatar waliweka kima cha chini Machi 2021, riyali 1,000 kwa mwezi, na kama mwajiri hatoi chumba na chakula anaongeza 500 na 300. Mteja akiona "huduma" kwenye risiti ya hoteli anadhani ameshamlipa yule kijana wa Kiganda aliyembebea sinia, kumbe mara nyingi hela hiyo ni mapato ya hoteli. Ukila huko mpe keshi mkononi.

Na mtego huo wa neno "huduma" upo hapo kwako pia. Meza ya watu wanane ikija, mashine inaweka asilimia 18 yenyewe. Hiyo kisheria si tipu, maana mteja hakuchagua, ni mapato ya mgahawa, na bosi anaweza kukupa yote, nusu, au asikupe. Akikupa inahesabika mshahara wa kawaida, hata ule msamaha wa kodi wa tipu hauigusi. (Kuna risiti zinaandika hapo "gratuity", neno ambalo ofisini kwetu ndio kile kiinua mgongo anachongoja mzee akistaafu, sasa kama kingekuwa kinatoka kila meza ya watu wanane tungestaafu wote mapema.) Kwa hiyo muulize bosi waziwazi ile 18 inaenda wapi, na mteja akikuuliza usimdanganye, mwambie.

Ovataimu nayo, kwa sababu najua utaanza kuomba shifti za ziada. Ukivuka masaa 40 kwa wiki bosi hakulipi 2.13 mara moja na nusu, huo ni wizi wa kawaida sana. Anatakiwa achukue 7.25 mara moja na nusu ndipo atoe 5.12 yake, unapata 5.76 kwa kila saa ya ziada. Na tipu za kadi anaruhusiwa kukata ile asilimia ya benki tu, kama benki inamkata 3 naye anakata 3, sio 5, na anatakiwa akupe siku ya mshahara, asingoje benki imlipe. Kuhusu kukunja vitambaa na kusafisha, kulikuwa na kanuni ya kuzuia muda wa kazi hizo ukizidi lakini mahakama ya rufaa inayosimamia Texas iliifuta Agosti 2024, kwa hiyo hapo usipoteze nguvu, isipokuwa kama unapangiwa kazi nyingine kabisa, mfano siku nzima kupaka rangi ukuta, hiyo ni 7.25 kamili.

Sasa ufanye nini. Nunua daftari, la karatasi, usiandike kwenye simu ambayo itaanguka kwenye ndoo ya kudekia. Kila usiku andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, tipu za kadi, za keshi, na ulichomegea nani. Ukiwa na wiki nne au tano, mwendee bosi kwa upole, sio mbele ya watu, umwambie umesoma kwamba makato ya waliotoroka hayaruhusiwi na hela ya jikoni inamhatarisha YEYE. Nimeona wengi wakirudisha hapo hapo, maana wengine kweli hawajui, wameurithi mgahawa na taratibu zake. Akikataa, kuna idara ya mishahara na masaa ya Wizara ya Kazi ya serikali kuu, kupeleka malalamiko ni bure, unaweza kudai ya miaka miwili nyuma, mitatu kama itaonekana alifanya makusudi. Utaratibu wao ni kwamba kima cha chini ni haki ya kila aliyefanya kazi bila kujali karatasi zake, na kukufukuza kwa sababu umelalamika ni kosa jingine juu ya kosa. Ila nisikudanganye, wapo wanaofukuza hivyo hivyo, ndio maana nasema daftari kwanza, mdomo baadaye, na uwe umeshapeleleza kazi ya pili. Sehemu zenye bili kubwa, nyama choma zao zile za dola 60, kwa 2.13 hiyo hiyo utatoka na mara mbili ya unachopata sasa, wanataka Kiingereza cha menyu na uzoefu wa mwaka. Ukifika miezi kumi anza kuzunguka.

Na kabla hujauliza, ndiyo, ukienda kula wewe mwenyewe hapo Texas unaacha 20 kwa mia, hata kama chakula kilichelewa, kilichochelewa ni cha jikoni, yule binti amesimama pale kwa 2.13. Mkono mtupu haulambwi, na wewe unajua hilo kuliko waliokaa meza ya pili. Ukiweza acha keshi. Zile slipu zako piga picha ufute jina na namba zako nitumie, hasa ya wiki uliyokatwa 64, nikuandalie hesabu kwenye karatasi moja ambayo utamwekea bosi mezani.